Mhusika Tusiyempenda na Lugha Isiyotubembeleza

Mheshimiwa Mwenyekiti, walimu wenzangu, wanachama wa mduara wetu wa kusoma, na ninyi vijana mliofika leo kwa mara ya kwanza, nawasalimu nyote na kuwashukuru kwa kunipa nafasi hii. Nimeombwa nizungumze juu ya jambo linalojirudia kila tunapokutana. Riwaya moja husomwa na watu wawili, wote makini, wote wameimaliza mpaka ukurasa wa mwisho, kisha mmoja akasimama kuisifu kwa maneno yasiyo na kiasi na mwingine akauliza, kwa dhati kabisa, mchapishaji aliona nini ndani yake. Katika kikao kilichopita mabishano ya namna hiyo, juu ya riwaya ya Kichwamaji, yalikuwa makali hata Katibu akalazimika kuyaahirisha, na bado baadhi yenu mliendelea nayo nje mpaka mlinzi akaja na funguo za geti. Mimi niliondoka na furaha, kwa sababu watu hawabishani namna ile juu ya kitu kisichowagusa.

Hata hivyo niliona pia kwamba tulikuwa tunazunguka palepale. Kwa hiyo natanguliza msimamo wangu ili mpate kuupima. Maoni yetu hutofautiana kwa sababu nyingi, na zilizo nyingi ni halali: umri, malezi, imani, mtu katokea pwani au bara, na hata hali aliyokuwa nayo siku alipokifungua kitabu. Lakini ipo sababu moja ambayo naiona ndiyo inayotuzibia mazungumzo, nayo ni mazoea yetu ya kumtaka mhusika mkuu awe mtu mwema kabla hatujakubali kumsikiliza. Tunampokea kama mtu aliyeleta posa nyumbani: ana tabia gani, anakunywa, anaheshimu wakubwa, ametoka ukoo gani, akishindwa katika mahojiano hayo, kitabu kizima kinarudishwa pamoja naye. Na lugha ya mwandishi nayo tunaipima kwa kipimo kilekile, yaani tunataka itupendeze kwanza, ndipo tuulize inafanya kazi gani.

Historia ya riwaya yetu ina mfano ulio wazi kuliko yote. Mwaka 1971 East African Literature Bureau ilichapisha Rosa Mistika, riwaya ya kwanza ya Euphrase Kezilahabi, kijana wa Ukerewe ambaye wakati huo hakuwa ametimiza hata miaka thelathini. Kwa kipindi fulani kitabu hicho kilizuiwa kusomwa katika shule za Tanzania. Waliokipinga walimwona Rosa, msichana aliyelelewa vizuri kwa mtazamo wa macho, anayekwenda masomoni, anaingia katika mahusiano na mwanamume mmoja baada ya mwingine, na hatimaye anajiua. Waliona mambo ya chumbani yameandikwa waziwazi katika kitabu ambacho binti wa shule angeweza kukifungua akiwa peke yake bwenini. Sipendi kuwadharau watu hao. Walikuwa wazazi na walimu, na hofu yao ilikuwa hofu ya kweli.

Lakini naomba tuitazame riwaya hiyo mwanzoni kabisa, kabla Rosa hajafanya kosa lolote. Baba yake, Zakaria, mlevi ambaye familia yake inamwogopa, anagundua kwamba binti yake ameandikiwa barua na mvulana aitwaye Charles. Ni barua tu. Rosa anapigwa kwa sababu ya barua hiyo, anapigwa vibaya, na mama yake, Regina, hana uwezo wa kuukomesha mkono wa mumewe. Tangu hapo msichana huyu anajifunza kwamba kuzungumza na mvulana ni jambo la kupigiwa hadi kuumizwa, na kwa hiyo hajifunzi kitu kingine chochote juu ya wavulana. Anapofika mbali na nyumbani, mahali ambapo hakuna Zakaria, hana maarifa, hana mazoea ya kukataa wala ya kukubali kwa hiari yake; alichokuwa nacho ni woga, na woga ule ulibaki nyumbani kwa baba. Msomaji aliyeyashika matukio haya mawili kwa pamoja, kipigo cha mwanzoni na maanguko ya baadaye, anakisoma kitabu kinachowahusu wazazi. Msomaji aliyeyaona maanguko peke yake anakisoma kitabu kinachomhusu malaya. Maneno yaliyochapwa ni yaleyale, na ndiyo maana nasema kwamba ugomvi juu ya Rosa Mistika ulikuwa ugomvi juu ya mahali pa kuanzia kusoma.

Baadaye kitabu kilirudi mikononi mwa wasomaji, na leo hakuna anayeandika historia ya riwaya ya Kiswahili akakiruka. Mama mmoja katika mduara wetu, ambaye ana mabinti wakubwa, alituambia kwamba alipokisoma akiwa msichana alimchukia Rosa kwa uzembe wake, na alipokisoma akiwa mzazi hakuweza kuziangalia kurasa za Zakaria bila kufikiria maneno ambayo yeye mwenyewe amewahi kuyatoa nyumbani. Maoni yake yote mawili yalikuwa ya kweli. Kama tungemlazimisha achague moja, tungekuwa tumepoteza ushahidi mzuri kuliko wote tulioupata mwaka huu.

Mazoea haya ya kumpima mhusika kwa wema wake hatukuzaliwa nayo. Sehemu yake imetoka mbali, katika hekaya na tenzi, na imeingia katika nathari yetu kwa mkono wa Shaaban Robert mwenyewe. Katika Kusadikika, iliyochapishwa mwaka 1951, mshtakiwa anaitwa Karama na mshtaki wake anaitwa Majivuno, na msomaji anajua upande wa kukaa kabla ya neno la kwanza la utetezi. Huo si udhaifu. Shaaban Robert alikuwa anaijadili serikali na haki ya raia kusikilizwa, tena katika zama za ukoloni, na aina hiyo ya masimulizi inahitaji mhusika anayesimamia jambo moja kwa uthabiti. Tatizo linaanza pale tunapokichukua kipimo kilichomfaa Karama na kumpimia mtu kama Rosa, ambaye hakubuniwa asimamie jambo lolote; alibuniwa aishi.

Sehemu nyingine ya mazoea hayo imetoka darasani, na hapa nasema nikiwa mwalimu, kwa uchungu wa mtu anayeipenda kazi yake. Wengi wenu mmepita katika utaratibu wa fani na maudhui: upande huu muundo, mtindo, wahusika, mandhari na matumizi ya lugha, upande ule dhamira, migogoro, ujumbe, falsafa na msimamo wa mwandishi. Ni utaratibu mzuri kwa kuanzia, na umewasaidia vijana wengi kukisoma kitabu kizima badala ya kusimuliwa na mwenzao. Lakini swali la mtihani likishaulizwa kwamba mhusika fulani ni kielelezo kwa jamii, jadili, kijana anajifunza kwamba mhusika ama anafaa kuigwa au hafai, na kwamba kazi ya msomaji ni kutoa hukumu hiyo kwa hoja sita na mifano. Ninazo nyumbani nakala kadhaa za vitabu vya kiada nilizozinunua kwa wauza vitabu wa mitumba, na napenda kusoma maandishi ya pembeni yaliyoachwa na wanafunzi wasiojulikana. Katika nakala moja ya riwaya ya kidato cha tano kalamu imepita kila ukurasa, na pembeni kumeandikwa kwa herufi nadhifu majina ya mbinu za lugha: methali, tashibiha, takriri, tashihisi, methali tena. Mwenye kitabu hakukosea hata mahali pamoja. Lakini pale ambapo mhusika mkuu anafanya jambo ambalo lingemshtua mtu yeyote mwenye damu mwilini, pembeni kumeandikwa neno "takriri".

Sasa nije kwenye riwaya iliyotugombanisha. Kichwamaji ilitoka mwaka 1974, na anayesimulia ni Kazimoto, kijana aliyefika chuo kikuu, mwenye akili kali na moyo uliochoka. Rafiki yake wa tangu utotoni, Manase, amemharibia maisha Rukia, ndugu yake Kazimoto wa kike, na Rukia anakufa. Kazimoto anafikiria kulipiza kisasi kupitia Sabina, ndugu yake Manase. Baadaye anamwoa huyohuyo Sabina. Na mwishoni, akiwa ameiuliza dunia maswali yote aliyoweza na kuona kwamba haina jibu analoweza kuishi nalo, anajiua. Si kitabu cha kumfariji mtu. Katika kikao chetu wapo waliosema kwamba hawawezi kutumia siku zao na mtu mwenye dharau, asiyeamini kitu, asiyewapenda watu waliomlea, na wapo waliosema kwamba hiyo ndiyo riwaya ya Kiswahili iliyowaambia ukweli juu ya elimu inayomtoa kijana kijijini bila kumfikisha popote.

Nakiri kwamba mimi niko karibu zaidi na kundi la pili. Kazimoto ananisumbua kwa namna ambayo wahusika wema hawajapata kunisumbua. Anaporudi nyumbani wazazi wake wanamtazama kama mtu aliyefika, naye anajua kwamba alichorudi nacho hakiwezi kutumika pale, wala hawezi kuwaeleza kwa nini. Wasomi wetu wameeleza kwa kirefu jinsi Kezilahabi alivyoathiriwa na wanafalsafa wa Ulaya waliouona ulimwengu kuwa hauna maana iliyotolewa tayari, na maelezo hayo yana msingi. Lakini msomaji hahitaji kumjua mwanafalsafa yeyote ili aielewe hali ya kijana aliyeketi baina ya wazee asioweza tena kuzungumza nao. Vijana wa aina hiyo wapo katika ukumbi huu.

Pamoja na hayo, maoni bora kuliko yote katika kikao kile yalitoka kwa mtu aliyekichukia kitabu. Dada yetu mmoja, ambaye kazi yake ni uuguzi na ambaye husoma zamu za usiku wodi inapotulia, alisimama akasema kwamba hampendi Kazimoto, kisha akafanya jambo ambalo wengine hatukulifanya: alifungua kitabu. Alituonyesha kwamba kila tunachokijua juu ya Sabina kimepita kwanza machoni mwa Kazimoto. Hakuna mahali ambapo Sabina anasimulia mwenyewe. Tunaambiwa alivyoonekana, tunaambiwa alichosema kama msimulizi alivyokisikia, na wakati huo huo tunajua kwamba msimulizi huyu alianza kumwangalia akiwa na nia mbaya juu yake. Kisha akauliza swali ambalo limebaki nami tangu siku ile: je, riwaya yenyewe inajua jambo hilo? Yaani, mwandishi ametupa msimulizi anayewadharau wanawake ili tuione dharau ile na kuipima, au dharau ile imeingia kitabuni bila mwandishi kuishtukia?

Angalieni tofauti iliyopo. Aliyesema Kazimoto ni mtu mbaya, basi, alikifunga kitabu. Dada yetu naye alisema Kazimoto ni mtu mbaya, lakini chuki yake ilimpeleka ndani zaidi, ikampitisha katika ufundi wa usimulizi wa nafsi ya kwanza na kumfikisha kwenye swali ambalo hata mimi ninayekipenda kitabu hicho sijapata jibu lake kamili. Ninaegemea kuamini kwamba Kezilahabi alijua, kwa sababu Kazimoto amepewa nafasi nyingi mno za kujifichua mwenyewe kiasi kwamba haiwezi kuwa bahati tu. Lakini nikirudi kwenye Rosa Mistika na kuona jinsi miili ya wanawake inavyotazamwa mle pia, uhakika wangu unapungua, na naona kwamba dada yetu ana haki ya kuendelea kuuliza.

Mtu anaweza kusema kwamba hayo ni matatizo ya mwandishi mmoja mwenye huzuni. Basi tumchukue Shafi Adam Shafi, ambaye hakuna anayemwita mtu wa huzuni. Mwaka 1978 alitupa Kasri ya Mwinyi Fuad, na Fuad mle ndani ni bwanyenye asiye na chembe ya huruma. Anayemtumikia ni Kijakazi, anayemtii kwa moyo wote hata pale anapodhalilishwa. Miaka ishirini na mmoja baadaye, mwaka 1999, mwandishi huyohuyo alitoa Vuta N'kuvute, yenye Yasmin, binti mdogo wa Kihindi aliyeozwa kwa Bwana Raza, mfanyabiashara aliyemzidi umri mbali mno, naye akatoka katika ndoa ile, akakataliwa na jamaa zake, akapata hifadhi kwa Mwajuma, akampenda Denge, mpigania uhuru ambaye mapambano kwake yanatangulia kila kitu. Wasomaji wanaotaka kujua nani mbaya na nani mwema huniambia kwamba Kasri ni kitabu imara zaidi, kwa sababu hakimyumbishi mtu. Wanaotaka kumwona binadamu akijipinda na kujinyoosha huchagua Vuta N'kuvute, wala hawakubaliani wao kwa wao: wapo wanaomlaumu Yasmin kwa kuondoka kwa mumewe, wapo wanaomlaumu Denge kwa kumweka Yasmin nyuma ya siasa, na wapo wanaosema kwamba aliye mzima kuliko wote katika kitabu kile ni Mwajuma, ambaye mtihani wa shule ungemwita mhusika msaidizi. Mimi nasimama na hao wa mwisho. Mwajuma hafanyi jambo lolote la kihistoria, lakini mlango wake uko wazi, na bila mlango ule hadithi yote isingepata pa kulala.

Na hata mhusika mwema anaweza kutukera. Peponi, tafsiri ya Kiswahili ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyofanywa na Ida Hadjivayanis, ilipotoka mwaka 2022, wengi tuliisoma kwa fahari baada ya mwandishi huyo wa Zanzibar kupata Tuzo ya Nobel mwaka uliotangulia. Malalamiko niliyoyasikia mara nyingi yalimhusu Yusuf: kijana huyu hafanyi kitu, anatazama tu, anachukuliwa hapa na kupelekwa pale. Ni kweli. Lakini Yusuf ni mtoto aliyewekwa rehani na baba yake kwa deni la mfanyabiashara, na mtu aliyewekwa rehani hana mahali pa kutokea ili atende. Anayemlaumu Yusuf kwa utulivu wake anaomba riwaya nyingine, ambayo ndani yake deni lile halina uzito.

Sasa lugha. Hapa mabishano yetu huwa makali zaidi, pengine kwa sababu kila mmoja anajiona ndiye mwenye Kiswahili. Nimesikia mara nyingi kwamba nathari ya Kezilahabi ni kavu, kwamba sentensi zake ni fupi, kwamba haina utamu wa watu wa Unguja. Nimesikia pia, kutoka kwa vijana wa bara, kwamba riwaya za Unguja zimejaa maneno yanayowalazimu kufungua kamusi kila baada ya aya mbili. Wa kundi la kwanza humtaja Mohamed Suleiman Mohamed, aliyeandika Kiu na Nyota ya Rehema, na kwa kweli ukisoma kurasa chache za Kiu unaelewa kwa nini: sentensi inatiririka, inapinda, inarudi, inakuacha ukitaka kuisoma kwa sauti.

Lakini mgawanyo huu wa pwani na bara haushiki. Ken Walibora alikuwa mtu wa magharibi mwa Kenya, na katika Siku Njema, iliyochapishwa mwaka 1996, aliandika Kiswahili kilichosheheni misemo na msamiati kiasi kwamba vijana wengi wa Kenya walijifunzia kuandika insha humo. Msimulizi wake, Kongowea Mswahili, anatoka Tanga na kuvuka mpaka akimtafuta baba yake, na wasomaji wengi wamemwona kuwa ni Kiswahili chenyewe kinachosafiri kikitafuta kutambuliwa. Anayekipenda kitabu hicho hukipenda kwa mapenzi makubwa. Asiyekipenda husema kwamba Kongowea ni mwema kupita kiasi na kwamba bahati humwokoa wakati unaofaa mno. Nikiwasikiliza wote wawili naona kwamba wanazungumzia kitu kimoja: lugha ile ya sherehe inamfaa kijana anayeamini kwamba mwisho wa safari upo, na kijana wa namna hiyo lazima aonekane mwepesi kwa msomaji aliyekwisha kumjua Kazimoto.

Ndiyo kusema, swali la kuuliza juu ya lugha ya riwaya ni kama inamfaa anayeibeba. Jaribuni kumpa Kazimoto sentensi za Kongowea. Mtu aliyepoteza imani na kila kitu hawezi kusimulia kwa methali tano katika aya moja, kwa sababu methali ni amana ya wazee, na Kazimoto amekwisha kuirudisha amana hiyo. Ukavu ule tunaoulalamikia ndiyo sauti yake. Msomaji anaweza bado kusema kwamba hapendi kukaa na sauti hiyo, na hapo sina la kumjibu, kwa kuwa kupenda hakulazimishwi. Lakini hataweza kusema kwamba mwandishi hakujua Kiswahili.

Ugumu wa kweli ni Nagona. Kezilahabi aliitoa mwaka 1990, na mwaka uliofuata ikaja Mzingile, vitabu viwili vidogo ambavyo havifuati njia yoyote tuliyoizoea: matukio hayana mpango wa jana na leo, wahusika wengine hawana majina, na katika Nagona tunakutana hata na wanafalsafa wa kale na wa kisasa. Nimewasikia wasomaji wazuri, wenye kusoma sana, wakisema kwamba mwandishi aliwaacha nyuma na kuwaandikia maprofesa. Sitawaambia kwamba hawakuelewa kwa sababu ya uvivu. Nagona inachosha, na ipo mahali ambapo mimi pia nahisi kwamba fumbo limewekwa kwa ajili ya fumbo. Lakini mwandishi huyu alikwisha kuonyesha katika vitabu vinne vya awali kwamba anaweza kusimulia kisa kwa unyoofu akitaka. Mtu mwenye uwezo huo akiamua kuuvunja usimulizi, namdai msomaji aamini kwamba kuna sababu, angalau kwa muda wa kurasa zisizofikia mia, kabla ya kukirusha kitabu kando.

Nisiwasahau wale ambao hatuwataji katika vikao vyetu, nao ni wasomaji wa Willy Gamba wa Elvis Musiba na Joram Kiango wa Ben Mtobwa. Wapo wanaosema kwamba hizo ni riwaya pendwa tu na hazistahili mjadala. Watu wengi wa rika langu walijifunza kumaliza kitabu kwa sababu ya wapelelezi hao, na msomaji anayeweza kueleza kwa nini sura fulani ya Musiba haikumruhusu kulala ameshika jambo la ufundi ambalo waandishi wetu wazito wangefaidika nalo.

Ninachowaomba, ndugu wasomaji, ni kidogo na kinatekelezeka kuanzia leo. Anayesimama kusema kwamba mhusika fulani hana uhai, atufungulie ukurasa ambapo uhai ulimtoka. Anayesema kwamba lugha ni tamu, atusomee sentensi moja na atuambie utamu uko katika neno lipi. Anayesema kwamba kitabu kimemchosha, atuonyeshe mahali alipoanza kupiga miayo, kwa sababu mara nyingi mahali hapo mwandishi amefanya jambo, zuri au baya, na sisi wengine tulipita bila kuliona. Maoni ambayo hayawezi kurudi kwenye ukurasa yana haki ya kuwepo, lakini hayatusaidii kujibizana. Na mtu akibadilisha maoni yake katikati ya kikao, kama nilivyoona baadhi yenu mkifanya kwa aibu, asichekwe.

Walimu nawaomba jambo moja zaidi. Kabla ya kumuuliza mwanafunzi kama mhusika anafaa kuigwa, muulizeni kama anamwamini, na kama hamwamini, kwa nini. Mtapata majibu mafupi zaidi na yasiyo nadhifu, na kuyasahihisha kutawachosha. Lakini kijana anayejibu swali hilo hawezi kutumia kitini cha mwenzake.

Mheshimiwa Mwenyekiti, nimemaliza kwa upande wangu. Swali la dada yetu juu ya Sabina halijajibiwa, na Katibu ameniambia kwamba ameleta nakala za Kichwamaji zinazotosha mtu na mwenzake kusomea pamoja. Napendekeza tuanze na kurasa ambazo Sabina anaonekana kwa mara ya kwanza, zisomwe kwa sauti na dada yetu mwenyewe, kisha waliomtetea Kazimoto siku ile, mimi nikiwemo, tuwe wa kwanza kujibu.